Dawa ya Maji Ikipoteza Jina Lake

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wahudumu wa hoteli, shule na kamati za maji kilichofanyika Siakago. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimepewa mada ya bromini kwenye mabwawa ya kuogelea na mabeseni ya maji moto. Najua wengine mmeshaanza kunong'ona: bromini ni nini, na sisi wa Siakago inatuhusu vipi? Zamani ukitaja bwawa huku kwetu watu walifikiria Kamburu, Masinga au Kiambere, maji ya kuzalisha umeme, yenye viboko na mamba. Lakini hoteli na nyumba za wageni zinazidi kuvutiwa na bwawa la kuogelea, na mwenye pesa kidogo zaidi anataka na lile beseni la maji moto yanayobubujika, ambalo watu huliita jakuzi. Beseni hilo likija, dawa yake inakuja nalo. Nayo haikai kwenye beseni tu. Inakaa stoo, inabebwa kwenye bodaboda, inagawanywa kwa jirani, na siku moja inajikuta jikoni.

Niseme mapema kwamba mimi si mkemia. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni maneno. Kwa hivyo yale ya kemia nimeyapitia pamoja na wenzangu wa afya ya umma, ambao wamekaa pale mbele na watanisahihisha nikiteleza. Langu hasa ni neno moja tu linalobandikwa kwenye kopo: lebo. Nikiangalia namna watu wanavyoumizwa na dawa hizi, hapa na kwingineko duniani, naona mara nyingi madhara huanza pale dawa inapopoteza jina lake, kabla hata haijafika kwenye maji.

Tuanze na bromini yenyewe ili tusiogope jina. Ni ndugu wa klorini. Wako katika familia moja na ayodini, ile inayopakwa kwenye kidonda na kuongezwa kwenye chumvi tunayopikia. Mfaransa kijana, Antoine Jérôme Balard wa Montpellier, ndiye aliyetangaza ugunduzi wake mwaka 1826 baada ya kuchunguza maji ya chumvi, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki la uvundo. Bromini tupu ni kimiminika chekundu cha rangi ya udongo wetu, kinachotoa moshi kikiwa wazi na kuunguza ngozi. Hiyo hutaiona hotelini. Kinacholetwa hotelini ni tembe nyeupe au chengachenga zinazoyeyuka polepole. Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji huenda asikwambie: tembe za bromini za aina inayotumika sana zina bromini na klorini kwa pamoja. Kwa hivyo mtu anayesema, "Mimi klorini inaniwasha, nitumie bromini," asijione amehama kijiji. Amehamia nyumba ya pili tu.

Kwa nini basi mtu aichague? Sababu kubwa ni joto. Katika maji ya moto, bromini huvumilia kuliko klorini. Pia haiyumbi sana maji yakipungukiwa na asidi, na ikishakutana na jasho na mkojo wa waogaji bado inaendelea kuua vijidudu, ilhali klorini ikishafungamana na uchafu huo hupoteza nguvu nyingi na kubaki kuwasha macho. Lakini bromini ina udhaifu mmoja ambao kwa Mbeere ni mkubwa: jua huimaliza haraka. Klorini nayo humalizwa na jua, ila ipo dawa ya kuikinga, iitwayo asidi ya sayanuriki. Kinga hiyo kwa bromini haifanyi kazi ya maana. Kwa hivyo mwenye hoteli aliye na bwawa la wazi, linalopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni, akishawishiwa anunue bromini kwa bei ya juu, ajue anamwaga pesa hewani. Beseni lililo ndani ya nyumba au chini ya paa, sawa. Bwawa la nje, klorini inatosha.

Msinielewe vibaya nikafikiriwa nasema beseni dogo ni jambo dogo. Beseni la maji moto lisilotunzwa ni hatari kuliko bwawa kubwa. Watu watano wakikaa ndani ya maji ya lita elfu moja au mbili, ni kama wameogea kwenye ndoo moja. Maji yakiwa kati ya nyuzijoto 25 na 45 kuna bakteria aitwaye lejionela anayestawi, na mapovu yale mazuri humrusha hewani ukamvuta kwa pumzi. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, kulikuwa na maonyesho ya maua. Kwenye maonyesho kulikuwa na beseni la aina hii lililowekwa ili watu walitazame tu, wala hakuna aliyeogea. Watu zaidi ya 100 waliugua homa ya mapafu na zaidi ya 20 wakafariki, wengi wakiwa wamepita tu karibu nalo. Beseni lilikuwa na maji ya moto bila dawa ya kutosha. Basi mwenye hoteli akizima dawa kwa sababu msimu huu hakuna wageni lakini akaacha maji yabubujike ili pawe na mandhari, hiyo ni hesabu mbaya. Kama hulitumii, limwage, lisugue, liache likauke.

Vipimo ni hivi. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri bromini isipungue miligramu 3 kwa kila lita katika bwawa na 4 katika beseni la maji moto. Klorini isipungue 1 katika bwawa na 3 katika beseni. Kile kipimo cha asidi kiitwacho pH kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Joto la beseni lisizidi nyuzi 40. Watoto wa chini ya miaka 5 wasiingie katika beseni la moto, na mama mjamzito azungumze na daktari kwanza. Lakini kipimo cha mwisho ni kile kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa uliyonunua, kwa sababu dawa hazilingani nguvu.

Jambo dogo linalowachanganya mafundi: wengi wana kile kisanduku cha kupimia klorini, chenye tembe zinazogeuza maji kuwa ya waridi. Kinaweza kupima bromini pia, ila namba unayosoma uizidishe kwa 2.25. Ukisoma 2 kwa kipimo cha klorini, bromini yako ni 4.5. Asiyejua hili ataona 2, atadhani dawa haitoshi, ataongeza nyingine, na jioni wageni watatoka na ngozi inayowasha.

Na harufu, jamani. Watu wakiingia kwenye bwawa wakasikia harufu kali husema, "Hapa pana usafi, dawa imekolea." Ni kinyume. Harufu ile kali hutokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo. Mgeni aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, na mtoto anayehara asiingie kabisa. Klorini ya miligramu 1 kwa lita humuua bakteria wa kawaida wa kinyesi kwa muda wa chini ya dakika moja, lakini kuna kijidudu cha kuhara kiitwacho kriptosporidiamu ambacho hudumu katika maji hayo hayo kwa siku zaidi ya 10. Hakuna kopo la dawa litakaloziba pengo la mgeni ambaye hakuoga.

Sasa nifike kwenye stoo, ambako ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Katika ziara zangu za kukusanya habari nimeingia stoo nyingi. Hoteli, shule, zahanati, kanisa. Stoo moja ya nyumba ya wageni, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mambo haya kwenye rafu moja: ndoo ya klorini ya chengachenga isiyo na kifuniko, mtungi wa asidi ya kushushia pH, nusu gunia la mbolea, mafuta ya jenereta, na chupa ya soda ya lita mbili yenye maji maangavu ndani. Nikamuuliza kijana anayehudumu, hii chupa ni ya nini? Akasema, "Hiyo ni dawa." Dawa ya nini? "Ya bwawa. Ama ni ile ya choo. Ngoja nimuulize mwenzangu." Mwenzake alikuwa ameacha kazi mwezi uliopita.

Hebu tuipime hiyo rafu. Klorini ya chengachenga, kitaalamu kalsiamu hipokloraiti, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini papo hapo. Hiyo ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha kwenye vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili mwaka 1915. Klorini hiyo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti. Ikikutana na mbolea yenye amonia inaweza kutengeneza gesi za sumu na hata vitu vinavyolipuka. Na tembe za bromini zikichanganywa na klorini hiyo ya chengachenga, hasa unyevu ukiingia, zinaweza kushika moto au kulipuka. Watu husikia kwamba zote mbili ni dawa ya bwawa wakadhani zinaweza kukaa ndoo moja au kutumia kijiko kimoja. Haiwezekani. Vumbi lililobaki kwenye kijiko linatosha kuanzisha moto. Kila dawa na kijiko chake, kilicho kikavu, na kijiko hicho kikae na kopo lake. Kwa hivyo rafu ile haikuhitaji adui. Ilihitaji paa livuje usiku mmoja wa mvua ya Aprili.

Lakini kilichonitia hofu zaidi ni ile chupa ya soda. Vile vingine angalau vilikuwa na jina.

Huku kwetu tuna desturi ya kununua kwa kupima. Sabuni ya maji ya kupima, mafuta ya kupima, na jiki ya kupima. Siilaumu; mfuko hauruhusu kila mtu kununua kopo zima. Mama anakwenda na chupa yake, anawekewa ya shilingi ishirini au hamsini, anarudi. Lakini angalia kinachopotea njiani. Jina la dawa limebaki dukani. Nguvu yake haijulikani, maana dawa ya klorini ya majimaji ikikaa juani hupungua siku hadi siku, na ile iliyoanikwa kando ya barabara wiki tatu huenda haina nguvu hata ya kufanya nguo iwe nyeupe. Maelezo ya kumsaidia mtu aliyeinywa yamebaki dukani pia. Na chupa yenyewe inasema uongo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anaijua ile chupa. Ni ya soda.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Watu wakisikia "habari" hufikiria redio na magazeti. Lebo ya kopo ni habari. Mwenye duka anayekupimia bila kukuambia jina amekunyima haki hiyo, hata kama amekupunguzia bei. Na wewe unaweza kuidai bila kwenda mahakamani hapo Siakago: mwambie tu akuandikie. Kipande cha plasta ya karatasi na kalamu. Jina la dawa, nguvu yake, tarehe, na neno SUMU. Iandike kwa Kiswahili, iandike kwa Kimbeere, chora fuvu la kichwa kwa asiyesoma. Lebo ya Kiingereza chenye maneno marefu ambayo mhudumu wako haelewi ni sawa na kutokuwa na lebo. Na wenye hoteli, mnapomkabidhi kijana kopo, mkae naye dakika kumi mmsomee.

Kuna ombi lingine kuhusu chupa. Kwa dawa ya aina hii, usitumie kamwe chupa ya soda, ya maji ya kunywa, wala ya maji ya matunda. Kama lazima ununue kwa kupima, tafuta mtungi mdogo wa plastiki ambao nyumbani mwako hauna kazi nyingine, na ukae juu, mbali na mikono ya watoto. Usijaze mpaka mdomoni. Na dawa ya chengachenga au tembe usiinunue kwa kupima hata kidogo. Hiyo ikae katika kopo lililotoka nalo kiwandani mpaka iishe.

Sasa walimu wakuu na kamati za maji, hapa nawahitaji zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya wakazi wa Nthawa, Muminji na Evurore hawatawahi kuingia kwenye jakuzi, lakini watoto wao wanakunywa maji ya tangi la shule kila siku.

Mvua ikikosekana, maji huja kwa lori, au hutolewa kwenye mto na kuwekwa tangini. Mtu mwenye nia njema anasema tuweke dawa. Nia hiyo ni sahihi. Kipindupindu kilichoanza nchini Oktoba 2022 kilitufundisha wote. Swali ni dawa ipi. Nimesikia zaidi ya mara moja mtu akisema, "Shemeji yangu anafanya kazi hotelini, atatuletea tembe moja ya bwawa, tangi zima litakuwa sawa." Tufanye hesabu hiyo pamoja. Tembe kubwa ya klorini ya bwawa huwa na gramu 200, na karibu asilimia 90 yake ni nguvu ya klorini. Hiyo ni gramu 180. Tangi la shule la lita 10,000 ni sawa na mita 10 za ujazo. Gramu 180 ukizigawa kwa 10, unapata gramu 18 kwa kila lita elfu, yaani miligramu 18 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema klorini katika maji ya kunywa isizidi miligramu 5 kwa lita. Tembe moja, ikishayeyuka yote, imevuka kiwango hicho zaidi ya mara tatu. Tena tembe za bwawa, za klorini au za bromini, zina vitu vingine ndani ambavyo havikupimwa kwa ajili ya tumbo la mtoto. Tembe za bromini ndizo zisikaribie kabisa tangi la kunywa, hata kipande.

Dawa ya maji ya kunywa ipo, imepimwa kwa kazi hiyo, na inauzwa kwenye maduka ya dawa na madukani: zile tembe ndogo za mtungi wa lita 20, na ile ya majimaji katika chupa ndogo yenye kifuniko cha kupimia. Kwa tangi kubwa, mwite afisa wa afya ya umma akupigie hesabu. Ili muone jinsi kiasi kilivyo kidogo: tangi hilo la lita 10,000, mkitaka miligramu 2 kwa lita kwa klorini ya chengachenga ya asilimia 65, mnahitaji gramu 31 tu. Hiyo haijai hata kikombe kidogo cha kahawa. Na bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5, kina mita moja na nusu, lina lita 75,000. Kulipa miligramu 2 za klorini kwa dawa hiyo hiyo ni kama gramu 230. Mhudumu anayemwaga kwa kopo la rangi "mpaka itoshe" hajui kama ametia gramu 200 au kilo mbili. Nunueni mizani ya jikoni. Bei yake ni ndogo kuliko ya kuwarudishia wageni pesa zao.

Nikiwa bado kwenye tangi: maji yenye matope hula dawa. Maji ya mto wa msimu yakitiwa dawa kabla ya kutulia, klorini inamalizikia kwenye tope na vijidudu vinabaki. Yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, ndipo mtie dawa, kisha msubiri angalau nusu saa. Yakipimwa baada ya hapo, klorini isipungue 0.2.

Namna ya kuchanganya nayo ina mpangilio wake, na wanafunzi wa kemia hapa wanaijua. Maji kwanza ndooni, kisha dawa ndani ya maji. Usiwahi kumwaga maji juu ya dawa. Kijiko kimoja cha maji juu ya kopo la klorini kinaweza kuchemka na kukurukia usoni. Fungua kopo nje ya nyumba au mlangoni, upepo ukikutoka mgongoni. Vaa glavu za mpira, miwani inayoziba pande zote, viatu vilivyofunika vidole. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii gesi; kinakupa ujasiri tu, na ujasiri huo ndio unaokufanya uiname karibu zaidi.

Na nyumbani, akina mama na akina baba, maana siku hizi baba naye anaosha choo. Jiki haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, wala na sabuni yenye amonia. Watu hufikiri mbili zikiungana nguvu huongezeka. Kinachoongezeka ni gesi, na chooni hakuna dirisha la maana. Hata kumwaga jiki nyingi kwenye choo chenye mkojo uliokaa huleta mvuke wa kuwasha, maana mkojo una amonia. Mwaga maji kwanza, sukuma mkojo, ndipo utie jiki, halafu utoke.

Ajali ikitokea. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Klorini ni nzito mara mbili na nusu, na mvuke wa bromini ni mzito zaidi. Zinatambaa chini kama ukungu wa asubuhi. Kwa hivyo ukisikia harufu kali stoo, usilale chini kama tunavyofundishwa kwa moshi wa moto. Toka, nenda upande upepo unakotoka, na mahali palipo juu. Usirudi kuchukua simu. Usimtume mwenzako arudi kufunga kopo. Macho yakiingiwa, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au 20, kope zikiwa wazi, na dakika hizo muwe mnazihesabu kwa saa, kwa sababu mtu mwenye maumivu huona dakika mbili kama kumi. Nguo zilizolowa zivuliwe. Aliyemeza asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu kwa sababu bibi alisema. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali. Aliyevuta gesi, hata akisema amepoa, apelekwe aangaliwe, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, usiku, wakati kila mtu amelala. Hospitali ya Siakago iko hapa, Ishiara ipo, Embu Level 5 ipo.

Mkienda hospitali, bebeni kopo. Muuguzi wa zamu anapompokea mtoto anayekohoa na kutokwa na mate, swali lake la kwanza ni, "Amekunywa nini?" Jiki, asidi, dawa ya kupe na mafuta ya taa kila moja inatibiwa kwa njia yake. Ukimpa chupa ya soda isiyo na jina, umempa kitendawili, na yeye hana muda wa kutegua.

Wenye hoteli, naomba niseme hili mbele ya wahudumu wenu ili lisiwe siri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde anayemfanyia kazi, na kinga si fadhila mnayomfanyia kijana. Glavu asinunue kwa mshahara wake. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa maafisa waliokaa pale uwezo wa kukagua. Nimewaomba waanze kwa kufundisha, na wamekubali. Lakini stoo niliyoieleza, wakiikuta mara ya pili vile vile, sitakuwa na la kuwatetea nalo.

Mhudumu ambaye hajui kusoma vizuri asione haya. Nimekutana na fundi mmoja mzee, hajui kusoma kabisa, ambaye stoo yake ni bora kuliko za wengi wenye vyeti. Amepaka rangi. Kopo la klorini lina alama ya bluu, kijiko chake bluu, rafu yake bluu, ukutani bluu. Asidi nyekundu, na iko chumba kingine, sakafuni, si juu ya kitu chochote. Nilimuuliza kama kijana wake akija kumsaidia anajua maana ya rangi. Akasema siku ya kwanza humfanya arudie mara tatu kabla ya kumpa ufunguo. Sijaona kitabu chochote kinachoshinda utaratibu huo.

Mwisho, mambo ya leo. Wale mlioleta maji ya matangi na mabwawa yenu yapimwe, meza iko chini ya ule mti mkubwa, na wenye mabwawa waanzie kulia, shule kushoto, tusichanganye chupa. Andikeni jina la mahali na siku mlipoyateka kabla ya kuyaweka mezani. Na kama kuna mtu aliyekuja na dawa asiyoijua, kwenye chupa ya soda au ya maji, asiifungue na asiinuse ili atujulishe. Ailete kwa afisa vile vile ilivyo, na kalamu ya kuandikia lebo ninayo mimi hapa.